Skuta za Betri na Karai la Mama Sifa

Haya, wanangu wa skuta, sogeeni hapa ukutani. Zimeni injini kwanza, nisije nikashindana na mashine kwa kelele.

Kuna siku moja ya ujana wangu mpaka leo sijaisahau. Na wewe usicheke. Ujana wangu nasema mwaka juzi, maana mtu anazeeka siku anapoanza kusikia la mkubwa. Tulikuwa tunawapelekea watu chakula kwa skuta mpaka Sandton kwa matajiri, na kijiwe chetu kilikuwa hapa hapa mtaani Turffontein, mbele ya Mama Sifa, mama wa Bukavu anayekaanga maandazi. Skuta zinanguruma kutwa. Moshi, mwanangu, njiwa anatua mweupe, anaruka kunguru.

Asubuhi hiyo akaja mwenzetu Baraka na skuta ya betri. Kimya, hata paka aliyelala barabarani hakugeuza sikio. Tukamcheka mpaka tukashika mbavu. Nikamwambia, "Baraka, hiyo skuta au pasi ya nguo?"

Mama Sifa hakucheka. Alikuwa anakohoa, leso mdomoni, karai linachemka peke yake. Alipopata pumzi akasema, "Ba papa, kliniki wameniambia nichague, kibanda ao mapafu. Watoto wangu wanakula mu hiki kibanda. Sasa munacheka nini? Ule mwenye haniletei moshi atakula wa kwanza. Ninyi wengine mungojee kule kwenye robot, kwenye taa za barabara."

Ng'ambo ya barabara, mwanangu, na njaa ya asubuhi. Kila andazi la Baraka tukaliona kubwa kama gurudumu la lori. Wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Yule alitujua vizuri sana, maana alitafuna polepole akitutazama.

Wiki chache tu, kijiwe kizima kimekodi za betri, na mimi nimo. Ikiisha nguvu unapita pale wanapobadilisha betri, unachomoa iliyochoka, unachomeka iliyoshiba. Ni haraka hivyo; kwetu Tanga kwa muda huo salamu bado haijafika kwa shangazi. Umeme wenyewe, eish, unatoka kwenye makaa huko mbali, sisemi ni malaika. Ila moshi haumfuati tena mama wa watu mpaka kwenye karai lake. Kifua kikatulia, kibanda kikabaki.

Basi mwanangu, shika hili: kunguruma si uanaume, debe tupu haliachi kuvuma. Na anayekulisha maandazi, wewe usimlishe moshi. Mungu awape barabara nyeupe, breki za kweli, na mapafu ya kupigia vigelegele harusi za wajukuu.

Sasa siku ya kwanza tuliyokuja wote na betri, tukajipanga mbele yake tukidhani tutabebwa mabegani. Karai tupu. Mama Sifa akageuka, akaruka kwa kushtuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Zamani niliwasikia tangu kule mbali, naanza kukaanga," akasema. "Sasa munanitokea kama wezi. Mwenye kuja kimya atakula ya jana."