Shemeji aliingia silanga juu nilimwambia niko

Admin, post hii lakini jina langu libaki na wewe, huku kwetu watu wanajua kuunganisha. Mimi ni kijana wa miaka 26, fundi wa simu upande wa Kwa Vonza. Karatasi ya shule sina. Simu nilijifunza kwa video, na kuogelea pia nilianzia kwa video, nimelala kifudifudi kwa benchi napiga mikono hewani. Mamangu akipita anauliza, "Kwani hii ni mapepo ama ni muguka?"

Ilikuwa muguka. Nilikuwa natafuna hayo majani ya kukesha kutoka asubuhi, silali, mteja akileta simu naiharibu zaidi. Ndiyo nesi mmoja akaniambia kuna timu ya watu wazima, wanaogelea kila Jumamosi kwa hoteli moja Kitui town. Kufika napata mwalimu wa shule, muuza nyama mwenye tumbo kama pipa, huyo nesi, na kochi, mama mzima anafoka kama kondakta. Siku ya kwanza nilikunywa maji ya pool nikashiba. Lakini siku nilivuka mpaka ng'ambo bila kusimama, wale watu wazima walinipigia makofi! Mimi sijawahi pigiwa makofi na mtu. Muguka niliacha bila hata kuamua. Nikaanza kulala. Kwa hivyo msiniambie timu ilikuwa mbaya. Ilinipa maisha. Shida ni ilinipa pia mdomo.

Nina mchumba, nitamwita Mwende, kwao ni chini huko Ikutha, karibu na silanga, lile bwawa la kukinga maji ya mvua. Tulipeleka mbuzi za ntheo, zile tatu, na kwetu zikishafika msichana ni wako hata kama mengine bado. Siku hiyo nimeshiba nyama nikaanza kuonyesha kaka yake, nitamwita Mutua, video zangu nikiogelea. Nikamwambia, "Hiyo silanga yenu naivuka mara kumi kabla chai ipoe." Akacheka sana. "Shemeji, wewe ni samaki gani ya kuzaliwa kwa mchanga?" Kutoka hapo jina langu kwao likawa Samaki.

Baada ya mvua nilienda kumsaidia kumwagilia sukuma wiki. Pampu ikakataa kuvuta, mdomo wa paipu umezama kwa matope huko ndani ya silanga. Mutua hajui kuogelea. Mtauliza kwa nini sikuingia mimi. Niliogopa, na sijawahi ambia mtu. Pool unaona vigae mpaka chini. Ile maji ilikuwa kama chai ya maziwa. Nikamwambia, "Wewe ndiye unajua paipu iko wapi." Akavua shati, akaniangalia. "Si uko hapa, Samaki? Nikizama utanitoa." Nikajibu, "Ingia tu, niko."

Maji ikamfika kifua, ikamfika shingo, akainama. Hakutokea. Nilingoja nikidhani ananitania. Kisha nikaruka. Chini sikuona hata mkono wangu. Matope ikanishika mpaka magoti, nikameza maji, nikatoka mbio nikipiga nduru. Watu wakajaa. "Si wewe ndiye wa timu? Ingia!" Mama yake Mutua alinishika tisheti, hiyo ya timu. "Mwana wakwa, Samaki wangu, nitolee mtoto." Sikuingia. Kochi alitufunza kupumua na kugeuka, kuokoa mtu alisema tu tusijaribu kama hatujafunzwa. Sasa hiyo maneno unaambia nani hapo? Mwishowe jirani mmoja mchunga ng'ombe, mzee, hajui kuogelea hata kidogo, alifungwa kamba kiunoni akatembea ndani mpaka maji ikampita kichwa. Akamgusa Mutua na mguu. Wakavutwa wote wawili. Ni mmoja tu alikuwa anapumua.

Kuulizwa, nikasema nilikuwa juu kwa pampu, kugeuka nikapata ashaingia. Waliamini hiyo, na bado hawakunisamehe. Watu walikuwa wengi hapo ukingoni na wote walishindwa, lakini wao hawajui kuogelea. Mwenye hajui haulizwi kitu.

Baada ya mazishi pikapu ilisimama kwa geti yetu. Mbuzi za ntheo, zote tatu, na katoto kamoja. Jike moja lilikuwa limezalia kwao. Wamerudisha hadi katoto, kusibaki kitu yetu huko. Mamangu aliketi chini hapo hapo kwa vumbi. Akaniambia nichome hizo nguo za kuogelea.

Kochi hupiga simu. "Rudi, kijana wangu, maji yetu haina lawama." Nilirudi mara moja. Nikaweka uso ndani, vigae vyote vinaonekana safi, na mimi natafuta mtu huko chini. Nikatoka kabla nimalize hata kuvuka. Muguka nimerudia.

Sasa Mwende. Jana alinipigia amejificha kwa choo ya kwao. "Waache waseme. Mimi najua ulikuwa juu kwa pampu. Ungekuwa karibu ungemtoa." Jumamosi hii anatoka kwao na begi, anakuja kwangu, bila mbuzi, bila baraka ya mtu. "Wewe ndiye nimebaki nikiamini," akasema. Mutua pia aliniamini hivyo hivyo.

Nikimwambia ukweli nimempoteza, na mama yao atajua mtoto wake aliingia kwa sababu yangu. Nikinyamaza nitakula naye, nitazaa naye, na kila siku akiniita nitaskia ile sauti, "Si uko hapa?" Sioni mahali hii inaishia vizuri. Wenye mnasoma, hata mkinitukana nitasoma yote, lakini mnijibu: nimwambie kabla apande gari, ama nife nayo? Ni keshokutwa. Na kale katoto ka mbuzi kanalia hapa nje tangu asubuhi, hakajui huku ni wapi.