Chokaa Niliyoichelewesha

Kazi yangu ni kuuza pembejeo. Nina duka dogo Lemara, mbegu upande huu, dawa na mbolea upande ule, na wateja hunisikiliza kuliko wanavyomsikiliza mchungaji. Nasema hivi ili ieleweke kwamba shamba la mama yangu halikuharibiwa na mtu asiyejua. Nililiharibu mimi, mtaalamu.

Mama anaishi juu, kwenye miteremko ya Meru, katika kihamba cha kahawa na migomba alichoachiwa na marehemu baba. Baba alipofariki nikaanza kumpangia maisha. Nilimwambia auze ng'ombe, umri wa kukata majani umepita. Nikampelekea jiko la gesi aachane na kuni na moshi. Samadi ikaisha, majivu ya kumwaga kwenye migomba yakaisha, na hilo halikunisumbua, kwa sababu kila msimu nilipandisha mifuko ya SA, ile mbolea nyeupe ya chumvichumvi. Mwanzoni mahindi yalinawiri hadi majirani wakaulizia. Nilijiona mtoto wa maana sana.

Kisha maharage yakaanza kudumaa. Majani yakawa ya njano, mizizi mifupi, na kahawa nayo ikapukutika. Nikaongeza mbolea ileile. Ndivyo nilivyo, nikikosea nakosea kwa bidii.

Mama hakuulaumu udongo wala hakunilaumu mimi. Alilaumu ugomvi. Tangu msiba wa baba, yeye na baba mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu, walikuwa hawaamkiani kwa sababu ya mpaka. Mipaka yetu ni mistari ya masale, ile mimea ya majani marefu. Kati ya mashamba yao kulikuwa na mistari miwili, na kila mmoja alisema wake ndio alioupanda babu. Hadi leo naamini mama alikuwa sahihi. Lakini maharage yalipokataa msimu wa tatu, akaanza kusema ardhi haizai penye kinyongo.

Ndipo nikachukua udongo kidogo, nikaupeleka ukapimwe kwa bwana shamba. Siku chache baadaye alinipa karatasi.

"Udongo umechachuka vibaya," akasema. "Mbolea hiyohiyo miaka yote, samadi hakuna, chokaa hakuna. Mizizi itapenyaje humo? Nani alimshauri huyu mama?"

"Sijui," nikamjibu. "Watu wa madukani."

Niliikunja karatasi nikaitia kwenye mkoba, na ikakaa humo karibu mwezi. Sababu nilikuwa nazo nyingi: jambo kama hili halisemwi kwenye simu, mtandao kule juu unasumbua, nitafute chokaa kwanza. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu yangu niliithamini kuliko usingizi wa mama yangu.

Jumamosi ya tatu mama aliniita. Nilimkuta amevaa kitenge cha kanisani, ameshika jani la sale. Sikuhitaji kuuliza. Kwetu anayekuja kwako na jani hilo amekuja kuomba msamaha, na humfukuzi.

"Twende kwa baba yako mdogo," akasema. "Wewe ni mzaliwa wangu wa kwanza, uwe shahidi."

"Mama, kwani umekosa nini?"

"Nimekosa au sijakosa, shamba linakufa."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mkoba. Ulikuwa begani mwangu. Nikasema, "Haya mama, twende."

Baba mdogo alikuwa anapalilia. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia bila kunitazama, maana alikuwa ameshaliona jani. Mama akapiga magoti kwenye udongo na kitenge chake kile, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Shemeji, nimekukosea. Mpaka ni huo wako. Tusameheane, watoto wapate kula."

Sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu radhi, hata mimi aliponichapa kwa kosa la mdogo wangu. Baba mdogo alitokwa na machozi, akamwinua. Mkewe akatuletea loshoro, yale mahindi ya kupikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Mama alimaliza bakuli lake lote, akacheka kama zamani. Mimi langu nililirudisha nusu.

Jumamosi iliyofuata nilikodi pikapu, nikapanda na mifuko ya chokaa ya kilimo. Mama alikuwa anamenya ndizi, akaniuliza tunapaka nyumba gani. Nikamweleza yote. Karatasi nikaiweka mapajani mwake, ingawa bila miwani asingeisoma. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiendelea kumenya.

"Uliipata lini hii?"

"Kabla hatujaenda kwa baba mdogo."

"Siku ngapi kabla?"

"Wiki tatu, mama."

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa baba mdogo, nimweleze, mpaka urudi ulipokuwa. Akanikatisha.

"Thubutu! Nimeomba msamaha, nimepewa, tumekula. Leo nikaseme nilikuwa namdanganya?"

Kisha akainuka kutafuta jembe, kwa sababu masika yalikuwa yanakaribia na chokaa inataka ichanganywe na udongo mapema. Tulimwaga na kulima siku mbili, weupe kama watu waliotoka mashine ya kusaga. Kile kipande kilichokwenda kwa baba mdogo nacho nikaomba nikitilie chokaa. Akaniona mtoto mwenye moyo mwema, na sifa hizo anazirudia mpaka leo kila tunapokutana kanisani.

Chokaa haina haraka. Msimu ule maharage yalitia moyo tu. Uliofuata ndipo yalipofunga vizuri, na mama alikuwa na ng'ombe tena, samadi ipo. Siku moja tulikuwa tunayachuma, yeye ametangulia na kapu, nikaona nafasi. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Ya mbolea nilikusamehe siku ileile," akasema. "Shambani kila mtu hukosea. Lakini ulitembea na mimi njia nzima, ukaniangalia nikimpigia magoti shemeji yangu, na ulikuwa unajua. Hiyo bado. Siku ikitoka moyoni nitakuambia."

Sasa ni mwaka tangu aseme hivyo. Kila Jumamosi napanda kwake, tunapalilia, tunasengenya kidogo, ananifungashia ndizi za kurudi nazo mjini. Hajaniambia.