Glavu za Mwakani

Nimefundisha darasa la tano hapa Kabambare kwa miaka mingi, na kila mwaka nawaambia watoto wapime kabla ya kukata. Kwa rula, kwa kamba, kwa shibiri, kwa chochote, lakini wapime. Wanaonifahamu wakiisikia habari hii watacheka, na sitawakataza.

Binti yangu wa tatu alikuwa kipa. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye viganja vidogo. Kudaka hakufundishwa na mtu wa mpira. Alijifunza tulipokuwa tunajenga nyumba, matofali yakirushwa kutoka kwenye tanuru, mtu kwa mtu, mpaka kwa fundi aliyesimama juu ya ukuta. Tofali la kuchoma ukilikinga kwa mikono iliyokakamaa linakuchuna ngozi. Lazima mikono irudi nyuma kidogo pamoja nalo. Kaka zake walilalamikia vidole mpaka wakatafuta visingizio vya kwenda mtoni. Yeye alisimama mahali pake asubuhi nzima na hakuangusha hata moja. Fundi akaniambia, "Mwalimu, huyu mutoto umuniachie, mi nitamufanya fundi." Nilifurahi moyoni nikakunja uso, maana sisi akina baba wa huku tunaona haya kumsifu mtoto akiwa anasikia.

Kisha ikatangazwa kwamba watu wawili watatoka Kindu kuja Kasongo, kuangalia mechi kati ya wasichana wetu na wasichana wa Kasongo. Walikuwa wanatafuta kipa mmoja wa timu yao. Atakayechaguliwa angelala bwenini Kindu na kusoma sekondari bure mpaka amalize. Lazima niseme hapa kwamba wiki chache kabla nilikuwa nimeshamwambia binti yangu kuwa shule yake inaishia mwaka ule, kwamba zamu ni ya kaka zake. Nilimwambia mchana kweupe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Alikuwa anaosha sahani, akaendelea kuosha. Kwa hiyo mechi ile ndiyo ilikuwa shule yake, na wote nyumbani tulijua.

Ndipo akaniomba glavu. Hakuwa mtu wa kuomba kitu.

"Papa, unitafutie ma-gant," alisema. "Lakini zile zenye kunikamata muzuri. Zikilegea, mupira unapita."

Akaweka mkono wa kulia juu ya ukurasa wa daftari, akauzungushia kalamu, akachana ukurasa na kunipa. Niliukunja nikautia katika mfuko wa shati, nikapanda pikipiki kwenda Salamabila. Sisi tuna ofisi zote za serikali, lakini dhahabu iko kwao, na dhahabu ndiyo inayoleta maduka. Nilifika nimejaa matope mpaka masikioni.

Mwuzaji alikuwa kijana mwenye kibanda cha jezi na viatu vya mpira. Glavu za kipa alikuwa nazo jozi mbili tu: nyeusi ndogo, na nyingine za kijani, kubwa, zinang'aa. Nilimpa karatasi. Akaiweka juu ya zile nyeusi, kidole juu ya kidole, zikalingana. Akaiweka juu ya zile za kijani, zikabaki karibu pingili nzima kila kidole.

"Papa, hizi nyeusi njo za ule mukono," alisema.

Sasa nieleze ujinga wetu, maana si wangu peke yangu. Kwetu hakuna anayemnunulia mtoto kitu kinachomtosha. Kinachomtosha leo kimeshakwisha. Viatu vyangu vya komunyo ya kwanza nilivivaa vikiwa na matambara ndani, na sare yangu ya shule ilikunjwa mikono mara tatu. Mzazi akimnunulia mtoto nguo inayomkaa sawasawa, majirani humwuliza kama mtoto huyo ana mpango wa kufa. Nimekua hivyo, nimewalea wanangu hivyo, na siku ile nilisimama mbele ya kibanda, karatasi ya mwanangu iko wazi mbele ya macho yangu, nikaona mtu mmoja tu mwenye hila: yule kijana. Nilisema moyoni, huyu anataka kunibwagia hizi ndogo zilizomdodea.

"Nipe za kijani," nilimwambia. "Mutoto anakomaa."

"Sawa, Papa. Ni weye unamujua."

Nilirudi nazo nyumbani nikiwa bwana mkubwa. Kabla ya kumpa mwenyewe, niliwaonyesha katekista, walimu wenzangu wawili, na mama mmoja jirani aliyepita na ndoo yake. Wote walizisifu. Binti yangu alizivaa, akakunja mikono, akaikunjua. Ncha za vidole zililala upande kama masikio ya mbuzi.

"Papa, zinabakia."

"Utakomaa."

"Match iko juma ijayo. Sitakomaa mu juma moja."

Mama yake alicheka, nami nikacheka pia, kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Mama yake akachomoa pamba kwenye mto akajaza katika ncha. Tukaona tumemaliza kazi.

Uwanja wa Kasongo ulikuwa mkavu siku ile, na hakuna wa kuisingizia mvua. Wageni wa Kindu, mwanamume na mwanamke, walikaa kwenye benchi na madaftari yao. Mpira wa kwanza uliokuja langoni ulikuwa wa kitoto, wa juu, wa kupokea tu. Binti yangu alikuwa mahali pake hasa, mikono imeshapanda. Mpira ukagusa pamba, vidole vikalala, ukadondoka nyuma yake na kuingia taratibu. Watu wakacheka. Mimi nilipiga kelele, "Angalia mupira!" kana kwamba alikuwa anaangalia mawingu.

Wakati wa mapumziko hakwenda kwa mkufunzi wake. Alikuja moja kwa moja kwangu, glavu tayari ziko chini ya kwapa.

"Papa, mi naomba nizitoe. Nidake na mikono tu. Mikono itaweza."

Katekista alikuwa kando yangu. Walimu wale wawili walikuwa kando yangu. Kama angekuwa amesema hayo tukiwa wawili, sijui. Napenda kuamini ningekubali, lakini hata hilo silihakikishi. Nilimwambia, "Vaa. Usinipatishe haya mbele ya watu."

Mkufunzi wake, mama mmoja muuguzi, alinisogelea akasema kwa upole, "Mwalimu, umuache mutoto acheze."

"Weye unafundisha mupira," nilimjibu. "Mutoto ni wangu."

Akazivaa. Yaliingia mabao mengine mawili, yote kwa mipira aliyoifikia. Nasema aliyoifikia, kwa sababu hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hakuna hata mmoja uliomkuta mbali. Kipa wa Kasongo alikuwa na glavu kuukuu zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni, zimembana barabara. Alichaguliwa yeye, na ilikuwa haki. Yule mwanamke wa Kindu alipita karibu nasi akamwambia binti yangu, "Unasoma mupira muzuri, mama. Shida ni mikono yako, haishikilie." Alisema kwa huruma, tena akamgusa bega. Nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Maneno matatu tu yangetosha, na sikuyasema.

Siku zile nilingoja anilaumu. Ningemkaripia, tungegombana, na labda katika ugomvi huo ukweli ungetoka wenyewe. Hakunilaumu. Shule ilipofunguliwa kaka zake walikwenda, yeye akabaki na mama yake shambani.

Sasa ameolewa Lusangi, analima mpunga, ana mtoto wa kike. Nikienda kuwatembelea ananiwekea kiti barazani na kunipa chai. Wifi zake wadogo wanacheza mpira hapo mbele ya nyumba, na mara ya mwisho mmoja wao alimwuliza kama ni kweli kwamba zamani aliitwa na watu wa Kindu. Alicheka. Akajiangalia viganja, vyenye sugu za jembe.

"Walikuja kuniangalia," alisema. "Lakini mimi sikuzaliwa na mikono ya mupira. Kuna watu wanazaliwa nayo. Si vile, Papa?"

Alinigeukia, akangoja. Hapakuwa na katekista, hapakuwa na mwalimu mwenzangu hata mmoja.

"Ni vile," nilimjibu.