Mbio za Punda Bila Dau

Farasi wa kwanza niliyemwona maishani mwangu alikuwa wa bwana mifugo, Mwingereza aliyekuwa akizunguka vijijini kwetu kuchanja ng'ombe. Farasi huyo alikuwa mwekundu, mrefu kuliko mlango wa nyumba yetu. Jioni yule bwana alipenda kumkimbiza kwenye ukingo wa Ziwa Singida, pale maji yanapojivuta wakati wa kiangazi na kuacha ardhi nyeupe, ngumu, iliyo sawa kama sakafu. Sisi wa Unyambwa tulikuwa tunakwenda huko kukwangua chumvi. Tukisikia kwato tunaacha kazi, tunasimama, na vumbi jeupe linatupita usoni. Hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu lile vumbi.

Farasi hakudumu. Alipopelekwa upande wa porini mbung'o walimuuma, akakonda, akafa, na bwana mifugo akarudia gari lake. Lakini alikuwa ameshawasimulia vijana, kwa kupitia mkalimani, kwamba kwao watu hujaa uwanjani kutazama farasi wakishindana, na kila mmoja hutaja farasi wake na kumwekea dau. Vijana wetu walizichukua habari hizo kama zilivyo, mbio pamoja na dau. Farasi hawakuwa nao, ila punda walikuwa kila boma.

Nilikuwa msichana wa umri wa kuposwa, ingawa hakuna aliyekuwa amekuja kuuliza. Kazi yangu ilikuwa punda wetu jike, wa kijivu, aliyebeba maji ya nyumba, chumvi ya ziwani na uwele wa kupeleka mnadani. Mavuno yakiisha, kaka yangu alikuwa akinichukulia punda huyo na kwenda naye kwenye mbio. Kaka alijua kupanda. Mwanzoni waliwekeana kuku, naye alishinda kuku wengi kiasi kwamba mama alianza kuuliza wanatoka wapi. Kisha kuku wakawa mbuzi. Halafu akaja kijana mmoja wa Mwankoko na punda dume, mrefu, mwenye kifua kama cha ndama, na kaka akaona aibu kutaja mbuzi mbele ya mnyama kama yule. Akataja mtamba.

Hatukujua lolote mpaka asubuhi ya pili yake, yule kijana alipofika kwetu na kamba mkononi.

"Shikamoo baba," alimwamkia baba.

"Marahaba. Karibu."

"Asante, baba. Nimefuata mtamba wangu."

Baba alidhani kijana amepotea nyumba. Akaanza kumwelekeza kwa jirani anayefuga ng'ombe wa watu. Kaka akatoka ndani, akasimama huku anatazama miguu yake, na baba akashusha mkono aliokuwa anaelekezea. Mtamba mwenyewe alikuwa yule mweusi mwenye baka jeupe tumboni, ambaye baba alikuwa amemtenga kwa ajili ya mahari ya kaka.

"Ulimtaja mbele za watu?" baba aliuliza.

"Nilimtaja, baba."

"Basi mfungulie mwenyewe."

Kaka alimfungua kwa mikono yake. Mama aliingia ndani asione. Mtamba alitoka bomani akiwa anatafuna, hajui lolote, akapita mbele yetu wote. Baba hakumpiga kaka wala hakumtukana. Alichukua fimbo yake, akaenda moja kwa moja kwa jumbe, akamwambia anataka mbio zile zipigwe marufuku.

Jumbe aliita baraza mbele ya nyumba yake. Alimwalika na bwana mifugo, kwa kuwa jambo lenyewe lilianzia kwake. Siku hiyo mwalimu wa dini wa kanisani na sheikh wa mjini walikaa benchi moja na kukubaliana kwa kila neno, jambo ambalo watu walilizungumza kwa muda mrefu kuliko hata hukumu yenyewe. Wote wawili walisema kamari itawaharibu vijana. Vijana nao walikaa upande wao, wamekunja uso. Mmoja wao alisimama akasema, "Mkitunyima mbio tufanye nini baada ya mavuno? Tukae vilabuni tunywe pombe?"

Bwana mifugo alizungumza kwa upole, na mkalimani wake akatafsiri. "Bwana anasema mbio humfanya kijana kuwa jasiri. Anasema dau ni kama chumvi kwenye mboga, linaongeza ladha tu."

Baba alisimama. "Mwulize bwana," alisema, "huko kwao, mtu aliyeshindwa anaingia nyumbani kwake kwa mlango gani?"

Mkalimani alisita, akatafsiri. Yule Mwingereza alikuna shingo, kisha akacheka kidogo na kusema maneno machache.

"Bwana anasema hata kwao hilo ni tatizo."

Watu waliangua kicheko. Hata baba alitabasamu, mara ya kwanza tangu mtamba aondoke.

Katika kicheko hicho ndipo shangazi yangu aliposimama. Shangazi alikuwa mjane, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na hakuwa na desturi ya kusubiri aulizwe.

"Mnagombania nini?" alisema. "Punda kukimbia hakujamwibia mtu kitu. Kilichochukua mtamba wa kaka yangu ni dau. Ondoeni dau, waacheni wakimbie. Tena wakimbie na mzigo, kutoka ziwani hadi mnadani, wao wenyewe wakiwa chini kwa miguu. Hapo tutajua nani anamjua punda na nani anajua kumkalia tu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Shangazi hakukaa.

"Na wasichana waingie. Nani anapakia punda kila siku hapa Unyambwa? Ninyi?"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na jumbe alilazimika kufuta macho kwa ncha ya kanzu. Alipotulia alisema haoni ubaya. Mbio zitakuwa siku ya mnada, kwa mzigo wa chumvi. Zawadi ataitoa yeye, jembe jipya na doti ya kanga. Atakayeshikwa ameweka dau atakwenda kulima barabara ya serikali.

"Na nani atakuja kutazama mbio zisizo na dau?" aliuliza kijana wa Mwankoko. "Mtabaki ninyi na punda wenu."

Nadhani wengi tuliogopa kwamba alikuwa anasema kweli.

Kaka alinifuata kisimani siku iliyofuata. Alikuwa hajazungumza vizuri na mtu yeyote nyumbani.

"Wewe utaingia kwenye mbio," aliniambia.

"Mimi? Na wewe je?"

"Punda yule mimi ananikubali nikiwa na fimbo. Wewe anakukubali bure."

Tangu hapo kila nilipokwenda kuchota chumvi kaka alikwenda nami. Tulikuwa tunapakia, tunakimbia hadi kwenye mawe makubwa karibu na mji, tunapumzika, tunarudi. Siku za kwanza mapafu yaliniwaka na nilitaka kulia. Kaka alinifundisha kupumua kwa kufuata hatua za punda, nisimtangulie wala nisimvute, nikimbie usawa wa bega lake. Mimi nami nilimfundisha kupakia, kwa sababu alikuwa hajui. Alikuwa anafunga mizigo kwa kamba kavu za ngozi. Nilimwonyesha kuziloweka kwanza. Kamba ya ngozi ukiifunga ikiwa mbichi, jua likiipiga inajikaza yenyewe, na mzigo hauchezi. Chini yake nilitandika blanketi kuukuu lililokunjwa ili mgongo usichubuke. Kaka alinitazama nikifanya hivyo, akasema, "Kumbe nimekuwa nikimpanda mnyama ambaye simfahamu." Akacheka, na mimi nikafurahi sana kusikia kile kicheko.

Baba aliyaona mazoezi yetu. Alisema tu kwamba siku ya mbio atakwenda mnadani kutafuta beberu, na kwamba mambo ya punda hayamhusu.

Siku ya mnada tulifika ziwani jua likiwa limeshapanda. Nilitazama upande wa mji nikashika mdomo. Watu! Walikuwa wamejipanga njia nzima, wengine wamepanda juu ya yale mawe makubwa kama pimbi. Wa Mwankoko walikuja na ngoma. Walikuwepo na watu wa Ulemo, waliotoka mbali kuleta ng'ombe mnadani, wakaacha ng'ombe wao kwa wachungaji ili waje kuona wasichana wakishindana na wanaume. Wasichana tuliojitokeza tulikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na kundi la mama zake na shangazi zake nyuma yake likipiga vigelegele kabla hata ya kuanza.

Nikiwa ninakaza kamba ya mwisho, kijana wa Mwankoko alikuja akasimama karibu na kaka. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa upande wa pili wa punda na nilisikia kila neno.

"Ndugu yangu, tusiwaambie wazee. Dada yako akinishinda, njoo mchukue mtamba wako. Nikimshinda, punda huyu ni wangu."

Mikono yangu ilisimama kwenye kamba. Nilijua jinsi alivyompenda mtamba yule, na jinsi alivyoshindwa kumtazama baba machoni tangu siku ile. Nilijua pia kwamba punda wetu yuko tayari, na kaka alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Sitaki," kaka alisema.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, naogopa. Nenda kapakie punda wako."

Tarishi wa jumbe aliinua kitambaa, akakishusha, tukaondoka.

Vijana walitoka kwa kishindo, fimbo zikipiga migongo. Dume la Mwankoko lilitangulia, na vumbi jeupe likatufunika. Nilikuwa nyuma, karibu na mwisho, nikasikia watu wakiniambia nimpige punda, "Mchape! Mchape!" Sikuwa hata na fimbo. Nilikimbia usawa wa bega lake nikimwambia maneno ya Kinyaturu ninayomwambia kila siku tukitoka kisimani, na masikio yake yalikuwa yamegeukia kwangu.

Tulipomaliza ardhi ya ziwa na kuanza kupanda, mizigo ya watu ilianza kucheza. Mmoja mfuko wake ulining'inia tumboni mwa punda, akasimama kuufunga. Mwingine chumvi yake ilimwagika njia nzima, na mbuzi wa watu wakaifuata. Punda wa tatu alichapwa mpaka akachoka kuchapwa, akasimama katikati ya njia, akapanua miguu, na hakuna nguvu ya binadamu iliyoweza kumwondoa. Niliwapita mmoja baada ya mwingine. Mzigo wa punda wangu ulikaa kama umezaliwa naye.

Kwenye yale mawe makubwa nilimfikia kijana wa Mwankoko. Alikuwa anashikilia mfuko kwa mkono mmoja na kuchapa kwa mkono wa pili. Alinitazama, akaongeza fimbo, na dume lake likaruka pembeni kwa maumivu, mfuko ukaanguka. Nikapita.

Sasa mbele yangu palikuwa na njia tupu na kelele. Sijawahi kusikia kelele kama zile, wala kabla wala baada. Wanawake walikuwa wanarusha kanga zao juu. Kisha nikahisi kuna mtu anakimbia ubavuni mwangu, nikageuka nikijua ni kaka. Alikuwa baba. Baba ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hata mvua ikinyesha, amekunja shuka hadi magotini, viatu vya tairi mkononi, anakimbia na kuita, "Huyu ni wangu! Huyu ni binti yangu!" Tuliingia uwanja wa mnada hivyo hivyo, baba upande mmoja, mimi upande mwingine, punda katikati.

Jumbe alinikabidhi jembe na kanga mbele ya watu. Shangazi alinibeba mgongoni kama mtoto, akanizungusha uwanja mzima, nami nikiwa na miguu mirefu inayoburuta chini. Bwana mifugo alikuja akakagua mgongo wa punda wangu, akainua blanketi, akapapasa, hakuona mchubuko. Akavua kofia yake. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Kijana wa Mwankoko alifika na mfuko begani. Alimsogelea kaka, akasema, "Ungekubali, leo ungeondoka na mtamba wako."

"Ningekubali nisingeona mbio," kaka alimjibu. "Ningekuwa namwona ng'ombe tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Leo nimemwona dada yangu."

Baba alikuwa amesimama nyuma yao, akifuta jasho. Alikuwa amesikia. Alimshika kaka begani na kumvuta kwake, na wakabaki hivyo mpaka watu walipoanza kuwatazama.

Siku hizi wajukuu huniuliza kama ni vizuri kijana kufundishwa mashindano. Nawaambia mfundisheni, na mapema. Kijana anahitaji kukimbia, anahitaji kuitwa jina lake na umati. Kuhusu dau ninawaambia wakae mbali nalo, na sihitaji hoja ndefu, kwa sababu nilisimama upande wa pili wa punda nikamsikia kaka yangu akilikataa, na najua lilikuwa zito kuliko mzigo wowote nilioupakia.

Asubuhi baada ya mnada niliamka miguu ikiniuma kila mahali, nikampeleka punda kisimani kama kawaida. Nilikuta wasichana wa Unyambwa wameshafika kabla yangu, wengi, hata wale ambao nyumba zao zina visima vya karibu zaidi. Kila mmoja alikuwa na punda wake amempanga mstari mmoja kukabili njia, na kamba zao zote za ngozi zilikuwa zimelowekwa kwenye maji.

"Tumekusubiri," mmoja wao aliniambia. "Tupakie?"