Zege la Kila Desemba

Mimi ni mwoga. Naogopa nyoka, naogopa ngazi, naogopa bodaboda anayeshuka mteremko huku akiongea na simu, na tangu mwaka juzi naogopa dari. Watu hucheka nikiingia kanisani na kuinua macho kwanza. Wacheke tu.

Ilianza na mtori, supu yetu ya ndizi. Mama alikuwa na mafua, nikampelekea bakuli chumbani kwake, na kabla hajaonja, kipande cha zege chenye ukubwa wa andazi kikachomoka juu na kutumbukia humo. Mtori ukaniunguza mkono. Mama alikitoa kwa kijiko, akakiweka chini kando ya kitanda, akaendelea kula.

"Huwa linafanya hivyo," alisema.

Nyumba aliijenga baba, mlimani juu ya Moshi, katikati ya migomba ya kihamba chetu, shamba la ukoo, miaka ile kahawa ilipokuwa na bei. Alikuwa karani mjini, na huko alikuwa ameona nyumba mpya za wakubwa: ndefu, za chini, madirisha ya luva za vioo kutoka kona hadi kona, ukumbi wenye ukuta wa matofali ya matundu, sakafu ya terazo, na juu paa bapa la zege. Akataka yake. Majirani wenye mabati walisema karani amejenga nyumba isiyo na kofia. Hakujali. Mwisho kabisa akaongeza chumba kikubwa cha kulala yeye na mama, chenye paa lake peke yake, bapa vilevile. Kahawa tuliianika juu ya paa, na sisi watoto tulicheza huko mpaka tukafukuzwa.

Baba alipofariki nyumba ilichoka. Luva zilivunjika, matundu ya ukumbini yakaziba kwa viota na buibui, terazo ikawa nyeusi. Ndugu zangu wako Dar na Mwanza. Mimi kitindamimba, mrithi kwa mila yetu, niko Pasua, mjini Moshi, kwa hiyo kihamba ni changu na matatizo yake ni yangu. Tulikubaliana niirudishe nyumba ilivyokuwa. Nilianza kwa raha, nikasugua terazo hadi rangi zake zikaonekana, nikazunguka maduka ya Moshi kutafuta vioo vya luva mpaka wauzaji wakanichoka. Paa sikuligusa. Nilijua linavuja kidogo juu ya chumba cha mama, lakini paa gani huku mlimani halivuji?

Baada ya mtori ule nilimtafuta fundi kutoka Kiboriloni, tukapanda. Nilitangulia mimi, ili nisionekane mwoga. Sikuwa nimefika huko tangu utotoni. Paa lilikuwa na ukingo pande zote, na nilipokuwa mdogo ulinifika kiunoni. Kwa urefu wangu wa sasa ungenifika gotini. Juu ya nyumba nzima ulikuwa hivyo. Juu ya chumba cha mama, ulizidi kifundo cha mguu kidogo tu.

"Ukingo umezama," nilimwambia fundi.

"Ukingo hauzami, kaka. Sakafu ndiyo imepanda."

Aligonga patasi pembeni, kipande kikamenyeka, nikaona tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri. Nilielewa papo hapo.

Sisi Wachaga tunarudi nyumbani kila Desemba, na hakuna anayerudi mikono mitupu. Baba alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba paa la chumba chake linavuja. Basi kila aliyepata kazi alikuja na mfuko wa saruji, na kabla ya Krismasi ndugu zangu walipanda kumwaga zege pale maji yalipotuama. Mimi, kwa kuogopa ngazi, nilichanganya chini. Tuliimba. Mama alitupikia. Mwaka uliofuata palepale palikuwa pamebonyea tena, tukajaza tena. Hata baba alipoondoka tuliendelea, kwa heshima yake. Palikuwa panabonyea kwa uzito wetu wenyewe. Zawadi zetu zote zilikuwa juu ya kitanda cha mama.

Nilishuka ngazi kwa makalio.

Fundi alisema nyumba kubwa ni salama, lakini chumba kile kishikiliwe kwa nguzo za mirunda, kisha kivunjwe. "Na bibi atoke leo," aliongeza. Alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, na zaidi ya hapo hakupata kitu.

Mama hakutoka. Nilimwomba ahamie chumba cha pili, akakataa. Nilimwomba twende Pasua, ikawa mbaya zaidi.

"Wanaopelekwa mjini wanarudi ndani ya sanduku," alisema.

Nilidhani hataki kukiacha kitanda alicholala na baba. Nilipandisha sauti, jambo ambalo kwa mama yangu halifanyiki, naye akavuta sinia la maharage akaanza kuyachambua palepale kitandani. Fundi na wenzake wakasimamisha mirunda kumzunguka. Walikuwa wamefika mrunda wa nne au wa tano hivi, juu palipolia, mlio mfupi, kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Vumbi likatunyeshea vichwani. Mafundi wote walitoka mbio, na mimi ndiye niliyewatangulia mlangoni.

Halafu nikarudi. Sijui miguu ile ilikuwa ya nani. Nilikaa kando yake nikamshika mkono.

"Mama, naogopa," nilisema. "Nakuomba. Naogopa sana."

"Na mimi naogopa. Unadhani nalala? Kila siku nalisikia."

"Sasa umekaa humu kwa nini?"

"Hiki ndicho chumba kikubwa, mwanangu. Nikitoka tu, Desemba mtawatandikia watoto humu. Wote, mkeka mmoja, kama mnavyopenda."

"Si ungesema, mama! Ungesema tu kwamba paa ni bovu."

Alitoa kijiwe kwenye maharage akakitupa.

"Ningesema, mngekuja?"

Nilitaka kujibu kwamba tungekuja. Lakini nilikuwa nimekaa chini ya zege lile, najua ninavyoogopa, nawajua ndugu zangu, na najua hoteli zilivyo nyingi Moshi. Nilimwambia hakuna mtoto atakayelala humu tena, chumba kinavunjwa.

"Lini?"

"Leo."

"Basi nataka kuona."

Akasimama mwenyewe. Nilimwekea kigoda kwenye migomba, mbali, akakaa akikitazama chumba. Fundi alifunga kamba kwenye mirunda ili waivute wakiwa nje. Walivuta mmoja tu. Zege halikungoja wa pili. Ardhi iliruka chini ya nyayo zangu, ng'ombe wa jirani akapiga kelele, na kwa muda hatukuona hata migomba iliyokuwa mbele yetu. Vumbi lilipotulia, ukuta wenye dirisha refu ulikuwa umesimama peke yake, na nondo zilizochomoza kwenye kifusi zilikuwa zimeliwa na kutu zikabaki nyembamba kama sindano za kufumia. Kitanda hakikuonekana. Nilitapika penye mgomba, na sioni haya kuliandika hilo.

Mama hakulia. Alikaa mikono magotini, akihesabu kitu kwa macho kwenye nyumba iliyobaki.

"Vyumba vimebaki vitatu," alisema hatimaye. "Desemba mtaenea?"

"Tutaenea, mama," nilijibu, haraka, kabla sijampigia simu mtu yeyote.