Rubisi Isiyoonjwa

Mimi ni mtoto wa Bikuba, mfua majembe wa Heru Juu, na wa Nyanzira aliyetoka Manyovu. Nilizaliwa katika vilima hivi hivi wala sikupelekwa shule. Mnaoisoma safu hii gazetini mnajua kwamba mjukuu wangu ndiye huniandikia. Leo ninamwandikisha habari ya kifo. Mtoto wa jirani yangu, mtu wa kwanza wa vilima hivi kurusha ndege ya kivita, ameanguka nayo akafa. Ndege ilikuwa imetoka kutengenezwa, naye alitumwa kuijaribu.

Alipokuja likizo mara ya mwisho alitueleza kazi hiyo tukiwa tumekizunguka kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu aliyeitengeneza pombe ndiye huonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, ili ikiwa na sumu imwanze yeye. Baba yake akaonja, akampa, kisha akamuuliza, "Na hiyo ndege, fundi wake huipanda kwanza?"

"Hapana, mzee. Fundi hajui kurusha."

"Nani kasema arushe? Akae nyuma yako."

"Kiti ni kimoja, baba. Au unataka nimpakate?"

Tulicheka sote. Alikuwa na kiburi, na sitamvua kiburi hicho kwa sababu tu amekufa; kilimpendeza.

Juzi lori la jeshi lilileta sanduku lililopigiliwa misumari. Mama yake alitaka jambo moja tu: kuuona uso wa mwanawe kabla ya udongo. Ofisa aliyelileta, mtu wa pwani, akakataa.

"Mama, amri ni kwamba lisifunguliwe. Mwanao amekufa kishujaa."

"Sikukuuliza amekufaje. Nataka kumwona."

Amri ikabaki amri. Ndipo baba wa marehemu akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akampa ofisa bila kuonja. Waliokuwa wakilia wakageuka kukitazama kibuyu. Mgeni akashukuru, akakiinua. Dereva wake, kijana wa Kibondo aliyeijua desturi yetu, akamshika mkono.

"Afande, usinywe. Hajaonja."

Ofisa akakiweka chini polepole.

"Umeogopa," baba akamwambia. "Na umepata wa kukushika mkono."

Hata hivyo ofisa hakulifungua sanduku. Askari wakalishusha kaburini, mama akalitazama mpaka mbao zikafunikwa, akaondoka bila kutupa udongo.

Nimeishi miaka mingi nikiletewa vitu vya kujaribu. Tulipohamishiwa kijiji kipya, aliyetuchagulia mahali hakulala huko hata usiku mmoja. Sisi ndio tuliogundua kwamba hakuna maji, na wazee wetu wakagundua hilo kwa kufa. Sipingi mambo mapya, kwa maana hata jembe la baba yangu liliwahi kuwa jipya, naye alilima nalo shamba lake kabla ya kumuuzia mtu. Ninasema hivi: atengenezaye asipoonja, hatari huwa ya mwingine daima, na huyo mwingine husifiwa sana akishazikwa.

Mjukuu wangu, maneno ya mama wa marehemu yaweke kama alivyoyatamka, na mkono wa dereva uuweke. Sifa nyingine za marehemu ziache kama karatasi haitoshi. Mama yake hasomi, kama mimi, atakuita umsomee. Ukifika penye sanduku, usimwongezee uso ambao hakuuona.