Ndege Yenye Mlango Wazi

Kosa langu lilikuwa kumweleza mama ukweli. Tulikuwa jikoni kwetu Ilford, huku ughaibuni, yeye anapiga pasi, nami nikaona mfano uko mkononi mwake. Nikamwambia pasi hiyo haitoi mwanga, lakini ukisogeza kiganja unajua kama ni ya moto. Basi huko mbinguni kuna mawingu ya vumbi ambamo nyota zinaumbwa. Macho hayayaoni, ila joto lake linatufikia. Masomo yangu ya uzamivu ni kulipokea joto hilo. Mvuke uliomo hewani hulimeza njiani, ndiyo maana darubini yetu imefungwa ndani ya ndege inayopanda juu ya mvuke.

Hapo ningenyamaza. Lakini akauliza darubini inachungulia wapi, nami nikajibu kwamba ubavuni mwa ndege kuna mlango mkubwa, unafunguliwa huko huko angani.

Pasi ikasimama. "Mlango wazi, na wewe umo ndani?"

Nikaeleza kwamba darubini ina chumba chake, sisi tunakaa nyuma ya ukuta uliozibwa. Hata nikachora. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kufikia magharibi ukoo mzima ulikuwa na habari. Mama mkubwa akapiga simu kutoka Harrow.

"Wewe mtoto, hiyo flight si waende wenyewe, wewe wakuletee picha?"

Nikamwambia kundi letu zima chuoni limepewa kiti kimoja, kimeniangukia mimi, na nimekisubiri tangu nianze masomo.

"Kiti hata kwenye basi utapata," akasema.

Jumapili wanawake wakakusanyika sebuleni kwetu kusoma dua. Sina ugomvi na dua. Ugomvi wangu ulikuwa na kinachoombwa, maana nilimsikia mama kwa masikio yangu akimwomba Mola aizuie safari. Kwamba niende salama nirudi salama, hakuna aliyeomba.

Wiki ya safari ikaja email ya msimamizi wangu. Ndege imeharibika, safari imefutwa, na kwa kuwa wenye ndege walishaamua kuistaafisha, hakuna nyingine itakayopangwa. Niliisoma nimesimama kwenye treni, na sanduku langu liko nyumbani, limeshafungwa. Nililia, nisiseme uongo, katikati ya watu ambao hawatazamani.

Mama akapika pilau ya shukrani, ile ya sufuria kubwa. Kazi ya kupitisha sahani nikapewa mimi, maana shukrani yenyewe ilikuwa kwa ajili yangu. Kila mgeni alinipapasa mgongo kama niliyetoka hospitali. Nilijibu "ahsante" mpaka taya zikaniuma. Nilitamani kuwaambia, kwa adabu zote, kwamba kuna wingu moja nililolisomea miaka, na sasa sitalipata. Nani angesikiliza, na nyama ilikuwa imeiva vile?

Mama mkubwa akaweka kijiko chini. "Kwa hivyo haitaruka tena kabisa?"

"Haitaruka tena, mama mkubwa."

Mama akainua viganja, na mikono yote sebuleni ikamfuata. Akamshukuru Mola kwa kunihifadhi, akamwomba asiniweke tena karibu na ndege ile wala mfano wake.

Na mimi, nimesimama na sinia mkononi, kwa mazoea ya tangu utotoni, nikaitikia amina.